Boti inayozima injini ikipata joto: pima cheche hapohapo ziwani

Jumamosi ya kwanza ya Julai, Ziwa Pepin. Binti yangu yuko majini, ski mbili miguuni, kamba inaanza kukaza. Nikasukuma mkono wa gesi mbele nimnyanyue. Boti ikanguruma mara moja, ikazima. Nikapiga stata: injini inazunguka vizuri, haiwaki. Nikapiga tena. Hola.

Pepin ni Mto Mississippi uliotanuka hapa Minnesota, na katikati yake kuna njia ya matishari. Siku ile msafara wa matishari ulikuwa unashuka, bado mbali, lakini vyombo vile havisimami haraka hata nahodha akikuona mapema. Nilimvuta mtoto kwa kamba, mkono kwa mkono, hadi akapanda. Mvuvi mmoja akatukokota mpaka Lake City. Tulipokaa gatini kama saa nzima, nikageuza ufunguo kwa kukata tamaa tu. Ikawaka.

Boti yenyewe ni ya 1987, futi 19, ya zile za kuvutia watu wa ski: injini iko katikati, chini ya sanduku, shafti inatoka moja kwa moja hadi kwenye pangaboi. V8 ya lita 5.8, kabureta, na platini za kukata na kuunganisha umeme wa cheche. Nimeipenda tangu siku ya kwanza. Na nilitaka binti yangu ajifunzie Lake City, kwa sababu hapo ndipo mwaka 1922 Ralph Samuelson, kijana wa miaka 18, aliposimama juu ya mbao mbili nyuma ya boti na mchezo huu ukazaliwa.

Ilikuwa na kasoro mbili, na kosa langu lilikuwa kuziona kama moja. Asubuhi, ikiwa baridi, ilitaka stata ndefu sana. Mchana, ikishapata joto, ilizima ikiwa sailensa, yaani inazunguka polepole bila gesi, au unapoongeza gesi, halafu inagoma. Kila niliyemuuliza alisema mafuta. Nikabadilisha filta, nikabadilisha pampu, nikafungua kabureta na kuisafisha. Nikaacha petroli yenye ethanoli nikaanza kununua ile isiyochanganywa, ambayo sheria ya hapa inairuhusu kwa boti. Wikendi tatu zikaisha hivyo. Asubuhi ikapata nafuu: choki, kile kifuniko cha kabureta kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi, ilikuwa imegandishwa na utomvu wa petroli ya zamani, haifungi. Siku hizi kabla ya kugusa ufunguo nabonyeza kitufe cha nyutro ili gia isiingie, nasukuma gesi mara moja ili choki ijifunge, na inawaka. Lakini mchana ilizima vilevile.

Nikampigia kaka yangu Mwanza. Ni fundi wa injini za boti pale Mwaloni, Kirumba. Kwangu saa nane mchana, kwake saa nne usiku.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Moto wa plagi, yaani cheche, umepima?"

"Nimepima, upo."

"Umepima lini?"

"Jumapili, nyumbani."

"Ikiwa imeshapoa. Sasa hapo ulipima nini, mdogo wangu?"

Nilikaa kimya. Alikuwa amenishika. Mimi nilikuwa nampima mgonjwa siku ambayo homa imeshuka.

Jumamosi iliyofuata nilienda ziwani bila mtoto, mbali na njia ya matishari, na vitu vitatu: mita ya kupimia umeme, kipima cheche cha kuchomeka kati ya plagi na waya wake, na chupa ya maji ya kunywa. Nikazunguka kama dakika 35 mpaka ikazima yenyewe. Nikatia nanga. Kabla ya kupima chochote niliwasha feni ya kutoa mvuke wa petroli kwa dakika nne, kama kibandiko cha boti kinavyoagiza, nikafungua sanduku na kunusa. Hatua hii usiiruke hata ukiwa na hasira. Mvuke wa petroli hutuama chini ya boti, hauna pa kutokea kama kwenye gari. Ndiyo maana stata, alteneta na distribyuta viwe vya boti, vilivyozibwa cheche, hata kama vya gari ni nusu ya bei.

Nikapiga stata, macho kwenye kipima cheche. Giza. Petroli ipo, ukisukuma gesi unaiona ikiruka ndani ya kabureta. Moto hakuna. Nikagusa koili, ile inayopandisha umeme wa betri hadi utoe cheche, nikatoa mkono haraka kwa joto. Nikachomoa nyaya zake mbili ndogo na kupima ndani: mita haikusoma kitu, kama waya uliokatika. Nikasubiri. Baada ya dakika 50 hivi, ikasoma omu 1.6, koili nzima kabisa! Uzi wa ndani ulikuwa unaachana ukipata joto na kugusana tena ukipoa.

Ningeishia kununua koili mpya, na hiyo nayo ingekufa. Kaka akaniambia nisome maandishi ya pembeni. Niliyafuta masizi kwa kidole: itumike na rizista ya nje, kile kipande cha kupunguza volti. Nikafuata waya kutoka swichini. Rizista haikuwepo, mtu alishaiondoa na kuunganisha waya moja kwa moja. Injini ikiwaka, koili ilikuwa inapokea volti 13.8, wakati ya aina hii inataka kama 7 hadi 9. Ilikuwa inapikwa taratibu, na platini nazo zimeungua nyuso.

Nimefunga koili mpya, rizista yake, platini na kondensa. Jumamosi hii tulizunguka saa nzima, kisha nikaizima makusudi na kungoja dakika kumi, maana injini ikizimwa maji ya kupoza yanasimama na joto la ndani ya sanduku linapanda zaidi. Binti yangu ndiye aliyegeuza ufunguo. Iliwaka kabla hajauachia, akachukua ski zake akaruka majini.