Nilivyohifadhi taarifa za seva yenyewe, siyo data peke yake

Seva ninayoihudumia iko Kariakoo, ghorofani, juu ya maduka ya vipuri. Ni Debian, aina mojawapo ya Linux, inabeba mauzo, stoo na faili za wahasibu. Data ya mauzo ilikuwa inanakiliwa kila usiku. Kilichoninyima usingizi ni mashine yenyewe: diski ikifa, nani ataijenga upya kama ilivyokuwa? Kwa joto la Dar na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, diski kufa ni jambo la kutarajia.

Nilianza na diski, maana hapo ndipo wengi hukwama. Amri ya sfdisk -d inaandika mgawanyo wote wa diski kwenye faili la maandishi, na maandishi hayohayo unaweza kuyalisha diski mpya ikagawanyika vilevile. Kando yake nikaweka majibu ya lsblk na blkid, amri zinazoorodhesha diski, sehemu zake na vitambulisho vyake. Faili la /etc/fstab, linaloiambia mashine ipachike sehemu ipi wapi, mara nyingi hutambua kila sehemu kwa UUID, yaani namba yake ya kipekee, na ukiifomati sehemu upya UUID hubadilika. Bila kumbukumbu ya zamani utabaki unabahatisha ipi ilikuwa ya nini.

Programu sikuzinakili. Orodha inatosha, na mimi napenda ya apt-mark showmanual kwa sababu inataja zile zilizowekwa kwa makusudi, siyo zile zilizovutwa na programu nyingine. Saraka ya /etc, yenye mipangilio ya mfumo, niliifunga yote katika faili moja kwa tar nikiwa root, yaani msimamizi mkuu, ili wamiliki na ruhusa za faili zibaki. Ukizimwaga faili hivihivi kwenye flashi ya FAT32, mfumo wa faili usiohifadhi wamiliki wala ruhusa, hayo yote yanapotea. Kisha ratiba za cron, yaani kazi zinazojiendesha kwa saa maalumu: za watumiaji hazimo ndani ya /etc, ziko /var/spool/cron/crontabs. Nikamalizia na anwani za mtandao, njia zake, na sheria za nftables, ngome ya mtandao ya seva.

Skripti moja inakusanya haya kila wiki. Kwa kuwa ndani mna /etc/shadow, faili la nywila zilizofichwa, furushi linafungwa kwa gpg, programu ya usimbaji, na ufunguo wa kulifungulia haukai kwenye seva. Nakala inakwenda kwa rsync, programu ya kunakili faili kupitia mtandao, hadi tawi la Mikocheni, kwa hiyo moto ukizuka jengo la Kariakoo bado tuna pa kuanzia.

Ukurasa wa diski na wa mtandao nikauchapa, nikampelekea mwenye duka.

“Shikamoo mzee. Hii naomba ikae pamoja na hati za duka.”

“Marahaba. Kwani kompyuta imeshindwa kuitunza?”

“Kompyuta ikizima, mzee, hii bado inasomeka.”

Akaiweka kwenye kabati lake la chuma.

Nakala isiyojaribiwa siiamini, kwa hiyo nilijenga seva upya kwenye mashine nyingine kwa furushi hilo tu. Diski yake ilikuwa kubwa zaidi, ikabidi nifute mstari wa last-lba, unaotaja mwisho wa diski ya zamani, kwenye faili la sfdisk ili nafasi yote iweze kutumika. UUID mpya nikaziandika kwenye fstab. Mashine ikawaka, ratiba zote zikiwa mahali pake, ila mtandao ukagoma: kadi yake ilikuwa na jina tofauti na lililoandikwa kwenye /etc/network/interfaces. Nikabadilisha jina, mtandao ukapanda. Sasa maelekezo hayo ya diski na kadi yameandikwa kwa kalamu kwenye ile karatasi ya kabatini, pembeni ya anwani za mtandao.