Mgeni wa Jumapili, kuanzia getini mpaka mnadani

Sharika nyingi za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) za mijini zina ibada mbili au zaidi kila Jumapili, na katikati ya hizo ibada ndipo mgeni anapopotea. Ibada ya kwanza ilianza saa 1 asubuhi, ya pili inatakiwa kuanza saa 3. Mahubiri yamerefuka, matangazo nayo yamerefuka, na sasa ni saa 2:50 mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka ndiyo kwanza unaanza uani. Wazee wa kanisa wa zamu ya ibada ya kwanza wameingia ofisini kuhesabu sadaka, wa ibada ya pili bado wako njiani. Mgeni anaingia dakika hizo hizo, maana mtu asiyepajua mahali huwahi. Anakuta umati, hajui kama watu wanatoka au wanaingia, na hakuna anayemsogelea kwa sababu kila mmoja anadhani amekuja na mwenzake.

Kwa hiyo zamu ya kupokea wageni isichanganywe na zamu ya sadaka. Watafutwe watu wawili, mwanamke na mwanamume, wafike nusu saa kabla, na wasiondoke mpaka wenzao wa ibada inayofuata wamefika. Mmoja akae getini, mwingine mlangoni. Wa getini ana kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa: mama aliyeshuka kwenye bodaboda na mtoto mgongoni anahitaji kuonyeshwa choo kabla ya kuonyeshwa kiti.

Usimuulize mtu, "Wewe ni mgeni?" Huenda anasali hapo mwaka wa pili sasa, ila kwenye ibada nyingine, na swali hilo litamkaa moyoni wiki nzima. Sema hivi: "Bwana Yesu asifiwe, karibu sana. Sijabahatika kukufahamu, mimi naitwa fulani." Kama ni mgeni atasema mwenyewe. Kama ni mwenyeji, mmefahamiana na hakuna aliyeumia.

Viti vya nyuma, karibu na mlango, vibaki wazi mpaka wakati wa mahubiri. Visipolindwa hujazwa na wenyeji. Tena wenyeji tuna tabia ya kukaa ukingoni mwa benchi na kumwacha mgeni aruke magoti ya watu sita kufika katikati. Mzee wa zamu awaombe wasogee ndani kabla hajamleta. Wala asimpeleke mstari wa mbele kwa heshima. Mtu asiyeijua liturujia anahitaji migongo ya watu mbele yake ili aone wanasimama lini na wanakaa lini. Akipewa kitabu cha nyimbo, apewe kikiwa kimefunguliwa kwenye ukurasa wa ibada ya siku hiyo. Vitabu kumi vya akiba mezani, kila kimoja na utepe mahali pake, vinatosha usharika wa kawaida.

Sasa tuje kwenye kusimama. "Wageni wetu tunaomba msimame, mtaje jina na mnakotoka." Desturi hii ni yetu na ina uzuri wake: mtu aliyetoka Bukoba akitajwa, mara nyingi yuko mwingine ukumbini anayetoka huko huko, na baada ya ibada wanatafutana. Lakini si kila aliyeingia anaweza kusimama. Yupo aliyeacha kusali kwa miaka na leo amejikaza kurudi. Yupo aliyefiwa, ambaye akishika kipaza sauti atalia. Yupo mwanamke aliyekimbia nyumba yenye ugomvi na hataki ijulikane anasali wapi. Hao wakishtukizwa, Jumapili ijayo hawaji, na hamtajua kwa nini.

Njia inayofaa ni kuuliza mlangoni, kwa sauti ya chini: "Wakati wa matangazo tunakaribisha wageni. Tukutaje, au tusalimiane baadaye?" Jibu liandikwe kwenye kikaratasi. Waliokubali majina yao yasomwe na mzee, wao wanyooshe mkono tu au wasimame bila kuhutubia. Andika jina kwa herufi kubwa kisha mwombe alisome mwenyewe, kwa sababu jina la Kihaya likiharibiwa mbele ya watu mia nne, mwenye jina hulisikia kuliko wote. Kwaya iliyoalikwa ni jambo jingine. Ina kiongozi wake, atawatambulisha wote kwa dakika mbili.

Daftari la wageni linalopitishwa kwenye mabenchi liachwe. Anayeandika wa kumi anaziona namba tisa za simu zilizotangulia, na nchi hii tunazijua meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Isitoshe, tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kanisa nalo linakusanya taarifa za watu. Tumia kadi ndogo, mtu mmoja kadi moja, yenye maswali manne: jina, simu, unakaa wapi sasa, unapita au umehamia. Swali la nne ndilo linaloamua yote yanayofuata. Umri, kazi na hali ya ndoa vinahusu nini siku ya kwanza?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofundishwa. Makanisani jembe hutolewa siku ile ile: bahasha yenye namba, fomu ya ahadi, mchango wa jengo. Jirani yake benchini amnong'oneze mapema kwamba sadaka ni mbili, ya kawaida na ya jengo, na kwamba akibaki ameketi watu wanapokwenda mbele hakuna tatizo. Hujui nauli ya kurudi kwake ni shilingi ngapi.

Halafu mnada. Watu wanatoka kwa mistari wakiimba, wanasimama uani wakizunguka, sala ya mwisho inaombwa, kisha jogoo aliyefungwa miguu anainuliwa juu. "Elfu kumi na tano! Ishirini huku!" Mtu wa dhehebu lingine anashangaa biashara gani hii mlangoni mwa kanisa. Hapo ndipo wengi hupenya kimya kimya kuelekea getini. Yule aliyekaa naye benchini ndiye anayetakiwa kusimama naye sasa na kumweleza kwamba kuna waumini walioleta mayai, mkungu wa ndizi au kuku kama sadaka, anayenunua hela yake inaingia sadakani, na mkungu mmoja unaweza kuuzwa mara mbili au tatu kwa sababu mnunuzi huurudisha. Mara nyingine mtu hununua na kumkabidhi mgeni. Akishaelewa, huanza kutabasamu na kusogea ndani ya mduara.

Chai ya wageni ni nzuri endapo kuna wa kunywa naye. Kosa linalorudiwa ni kuwaweka ofisini peke yao na chupa ya chai na maandazi, wakimsubiri mchungaji dakika arobaini. Afadhali mchungaji awafuate pale pale nje akiwa bado na joho, awape dakika tano, kisha arudi kwenye shughuli zake. Sukari iwekwe pembeni, isichanganywe kwenye chupa. Wenye kisukari ni wengi.

Jumatatu kabla ya saa 2 usiku, mtu mmoja tu ampigie, na awe yule yule aliyempokea. Simu tatu kutoka kwa watu watatu humfanya ajione anafuatiliwa. Aliyehamia aelezwe jumuiya (kikundi cha waumini majirani wanaosali pamoja majumbani) iliyo karibu na nyumba yake na siku inayokutana, kisha mwanajumuiya mmoja ampitie waende pamoja, kwa sababu kutafuta nyumba ya watu usioijua saa 12 alfajiri ya Jumamosi ni kazi ngumu.

Barua ya utambulisho kutoka usharika wake wa zamani itajwe baada ya mwezi hivi, isicheleweshwe mpaka siku anayotaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa. Wengi waliondoka nyumbani bila hiyo barua na wanaona aibu kuiomba. Mzee wa mtaa ajitolee kupiga simu huko mwenyewe, akiwa na jina kamili na mwaka wa kipaimara, ili katibu wa usharika ule ajue aanzie daftari lipi.