Amani usiku, tochi mkononi

Nikirudi safari, swali ni lile lile: umemwona simba? Simba ana magari kibao yanayomzunguka, mimi hanihitaji. Siku hizi napiga picha za viumbe wadogo kwa karibu, na nauli yangu inaishia Muheza, mkoani Tanga. Hapo nabadilisha gari na kupanda milima ya Usambara Mashariki mpaka Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Hifadhi ni ya mwaka 1997, lakini msitu ni wa kale mno, na baadhi ya viumbe wake huwapati kwingine popote duniani. Wengi wanaenea kwenye kiganja.

Mchana napasha mkono moto na buibui warukaji pembeni ya mashamba ya chai. Buibui huyu ana macho manane, mawili ya mbele makubwa kupita kiasi, na ukimsogezea lenzi anageuka kukukodolea. Hakuna mdudu anayejua kukaa mbele ya kamera kama huyu.

Lakini kilichonipeleka huko ni usiku. Mzee anayenitembeza ananisubiri Sigi, getini, ilipokuwa stesheni ya reli ya Wajerumani. Tukishaingia msituni nikaanza kumulika huku na kule, anacheka. "Mwanangu, msitu uache. Tazama ncha za vijiti."

Kinyonga hulala mwisho kabisa wa kijiti. Nyoka akipanda kumfuata, kijiti kinatikisika, naye anajiachia chini. Akilala anapauka, kwa hiyo mwanga wa tochi unamchomoa gizani wakati majani yote yanabaki ya kijani. Mchana ungepita hatua moja kutoka kwake usimwone.

Ninayempenda zaidi ni yule kinyonga mdogo wa majani makavu, ambaye hata akikua hazidi sentimita nane hivi. Mchana anatembea chini kwenye takataka za msitu, usiku anapanda kijiti cha kimo cha goti. Inabidi ulale kwenye tope. Kwenye kioo cha kamera ndipo unamwona vizuri: mkia mfupi uliokatika ghafla, vindevu vya ngozi chini ya kidevu, kope nene iliyofunika jicho lote, na tone la maji limesimama juu ya paji.

Lenzi yangu ni ya zamani, ya milimita 50, nimeifunga kinyumenyume kwenye kamera kwa pete ya bei poa ili ikuze vitu vidogo. Haina fokasi ya kujiendesha, na haihitaji. Kwa ukaribu ule, sehemu inayotoka kali ni nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, kwa hiyo sizungushi kitu: nabana pumzi, nayumbisha mwili mbele na nyuma kidogo kidogo, jicho likikaa sawa nabonyeza. Flashi nimeivisha kipande cha mkebe mweupe wa siagi ili mwanga usimchape usoni.

Rangi ya kinyonga ikianza kukolea, au kope ikifunguka, ujue umemwamsha. Nazima tochi, tunaondoka, hata kama picha sijaipata.

Hapo ndipo nagombana na wapiga picha wenzangu. Kuna wanaomng'oa kijitini wakambandika juu ya ua jekundu, na wengine hutia wadudu kwenye friji ili wapoe wasikimbie. Picha zinapendwa sana mtandaoni, sikatai. Ila kinyonga wa majani makavu ana shughuli gani na ua jekundu? Ukimshika anatetemeka mwili mzima, watu wanasema "jamani, mzuri!" Hana raha hata kidogo yule.

Ukienda, chomeka suruali ndani ya soksi, siafu wa kule hawana utani. Kamera iache nje ya begi mapema izoee joto la kule, la sivyo lenzi itajaa ukungu wakati unaihitaji. Na kabla hujarusha picha, zima kitufe cha mahali ulipo kwenye simu. Vinyonga wa milima hii wameuzwa sana nje kama wanyama wa kufugwa, na ingawa serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, wanunuzi hawajaisha. Mtu akiniuliza ni njia ipi, kijiti kipi, namwambia alipe kiingilio, amtafute mzee wangu getini, amlipe na yeye.