Korongo na nondo, mvua ni ile ile

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa na Yeremia 8:7, pale nabii anaposema hata ndege wa angani wanajua majira yao ila watu wa Mungu hawajui, nikakumbuka shamba la mama mwaka ule viwavijeshi walipoingia.

Nondo wao huwaoni jamani, wanasafiri usiku na upepo, mvua za kwanza ndo zinawakusanya na kuwashusha sehemu moja, jike anataga mayai kwa mamia kwenye jani na kuyafunika kwa manyoya yake mwenyewe, asubuhi unapita hapo hapo na jembe begani huoni kitu. Halafu kiwavi akiwa peke yake ni wa kijani kama jani, wakisongamana wengi ndo wanageuka weusi, sasa ukishaona weusi ujue mahindi yanaliwa siku nyingi. Hapo Roho alinigusa, maana nina kinyongo na dada yangu tangu msiba wa baba, na muda wote huo nasali nacho, cha kijani, wala sikioni.

Korongo mweupe yeye anakuja mchana kweupe. Anatoka Ulaya, hawezi kukatiza bahari kubwa kwa sababu anapaa kwa hewa ya moto inayopanda kutoka nchi kavu, basi anazunguka Uturuki, anapita Israeli (hata Yeremia lazima aliwaona), anafuata Nile mpaka huku kwetu. Mwaka 1822 kule Ujerumani alipatikana mmoja amerudi na mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni, yaani na mkuki shingoni na bado majira yake hakuyakosa!

Kwa mama walishuka asubuhi, miguu mirefu myekundu, wanatembea pole pole, anainama anadonoa kiwavi mmoja, hatua, anadonoa mwingine. Watoto wakaokota mawe, mama akawakemea, waacheni wageni wale. Nisiwadanganye, shamba lote halikupona, upande wa bondeni ulibaki vijiti tu. Lakini mvua iliyomshusha nondo ndo hiyo hiyo iliyomleta korongo, na hilo sijaacha kumshukuru Mungu.

Jumanne usiku nilimpigia dada. Tumeongea dakika kumi, ya msiba hatujayagusa. Kesho nampigia tena, mniombee.