Zamu ya Jioni, Njia ya Jilore

Bwana asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii ni Zaburi 104, mstari wa 19 hadi 23. Mungu hulileta giza, wanyama wa mwitu wakatoka, na wana-simba hunguruma wakimtaka Yeye chakula chao. Jua likichomoza wanakwenda kulala, ndipo mwanadamu naye anatoka kwenda kazini hadi jioni. Isomeni polepole. Mchana una wenyewe na usiku una wenyewe, na aliyewapangia zamu ni mmoja.

Familia kadhaa katika ushirika wetu zimezoea kutoka Jumapili jioni kwenda kutazama wanyama. Kuna wanaovuka daraja la Sabaki wakashuka mpaka mto unapoingia baharini, kuangalia viboko, na heroe msimu wao ukifika. Sisi nyumbani twapenda njia ya Kakuyuni na Jilore, pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Hakuna kiingilio kama cha hifadhi ya Tsavo. Unaegesha gari, unazima injini, mnateremsha vioo, mnanyamaza.

Kunyamaza ndiko kugumu, hasa kwa watoto. Watauliza mbona hawatoki. Mimi huwajibu kwamba wanyama hawana deni letu. Wanatoka kwa saa waliyopewa na Muumba. Naona jibu hilo linafaa hata kwa sisi wakubwa, ambao tukishapiga magoti twataka majibu kabla hatujainuka.

Na saa hiyo ya magharibi ina mambo! Kanga wanarukia matawini kulala. Nyani wanavuka barabara, watoto mgongoni. Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya manjano, ambaye ni nadra sana kuonekana nje ya misitu yetu hii ya pwani, amechakura majani mchana kutwa na sasa anajifukia kwenye kiota chake chini. Zamu yake imekwisha. Anayeingia ni bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi shubiri moja kwa urefu, ambaye wataalamu wa ndege walimwandika mara ya kwanza mwaka 1966. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa bundi akilia, kuna msiba. Jamani, tuache kuwarithisha watoto hofu hiyo. Yule mtunzi wa Zaburi ya 102, katika dhiki yake, alijifananisha na bundi, na Mungu akamsikia.

Lakini kuna jambo linalonikaa moyoni kila tukipita huko, na ndilo lililonifanya niandike. Ukiendelea mbele kuelekea Langobaya, kwenye vijiji vinavyofuata mto Galana, jioni hiyo hiyo inayotufurahisha sisi ndiyo inayowatoa wenzetu nje na madebe, tochi na kuni za moto. Tembo wanatoka upande wa Tsavo na mahindi yamekomaa. Mama amelima, amepalilia, na sasa anakesha. Zaburi yasema mnyama anamtaka Mungu chakula, naamini hivyo. Ila chakula ambacho tembo anakipata usiku ule huenda ni karo ya mtoto wa mtu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua fidia ya mazao na ya maisha ya watu, nasi tunashukuru, lakini sheria haipigi debe shambani saa nane za usiku.

Kwa hiyo sioni sawa tumsifu Mungu kwa tembo tuliyemwona kwa mbali, kisha tuwashe gari turudi mjini bila kumkumbuka aliye naye mlangoni. Mtunzi wa Zaburi alimtaja simba, akamtaja na mtu wa jembe, katika wimbo mmoja.

Wiki hii, mkitoka, mtoto anayejua kusoma awasomee mistari hiyo mitano kabla giza halijaingia. Wale mtakaofika Langobaya, simameni mpige hodi. Kama kuna mahindi au ndimu za kuuzwa, nunueni kwa bei waliyoitaja, msibishane. Ulizeni nani analinda usiku huo, mrudi na majina yao kwenye maombi ya Jumatano, tuwaombee mmoja mmoja: wapate mavuno yao, na asiumie mtu wala mnyama.