Jinsi nilivyojenga taaluma ya fasihi ya kikoloni ya Kihispania nikiwa mkutubi

Nilipoajiriwa na maktaba ya chuo kikuu nchini Marekani kusimamia vitabu vya Amerika ya Kilatini, mkataba ulinitaka nichapishe makala za kitaaluma kama mhadhiri yeyote ili nipate ajira ya kudumu, ilhali zamu za kuwahudumia wasomaji, manunuzi na vikao havikupunguzwa hata kidogo. Wakutubi vijana kutoka kwetu Afrika Mashariki huniuliza niliwezaje, tena katika uwanja ulio mbali na nyumbani kama fasihi iliyoandikwa Meksiko na Peru chini ya wafalme wa Hispania.

Uamuzi ulionifaa kuliko yote ulikuwa kuacha kushindana na maprofesa wa fasihi katika uwanja wao. Mtu mwenye likizo ya utafiti na matoleo ya kisasa yenye maelezo atamchambua Sor Juana Inés de la Cruz, mtawa na mshairi wa Meksiko, kwa utulivu nisioupata mimi. Mimi nilikuwa na vitabu vyenyewe, na vilikuwa na habari ambazo matoleo ya kisasa huziacha. Sor Juana aliishi katika konventi (nyumba ya watawa) mjini Mexico hadi alipofariki mwaka 1695, lakini juzuu ya kwanza ya mashairi yake ilichapwa Madrid mwaka 1689, ingawa Mexico ilikuwa na mtambo wa uchapaji tangu mwaka 1539. Ukianza kuuliza nani alitoa kibali, nani aligharimia, na bei ya kila karatasi ilipangwa kuwa kiasi gani (mambo yanayochapwa katika kurasa za mwanzo ambazo wanafunzi huziruka), tayari unafanya utafiti wa fasihi, na unaufanya ukiwa kazini.

Nikaanza na alama. Konventi za Meksiko zilichoma ukingo wa kurasa za vitabu vyao kwa chuma cha moto, kila nyumba na alama yake, ili kitabu kikiibwa kijulikane kimetoka wapi. Mali za Kanisa zilipotaifishwa katikati ya karne ya 19, maktaba hizo zilitawanyika, na vitabu vingi vikavuka mpaka mikononi mwa wafanyabiashara. Nakala moja tuliyokuwa nayo, ya kitabu cha ibada kilichochapwa Madrid katika karne ya 17, ilikuwa na alama ya moto juu, jina la mtawa kwa wino uliogeuka rangi ya kutu, na mistari iliyopakwa weusi kwa amri ya mahakama ya kidini iliyowasaka wazushi. Wino huo wa chuma ulikuwa umeila karatasi hadi sehemu nyingine zikatoboka. Hata hivyo, nilipoilaza taa ubavuni mwa ukurasa, herufi za risasi zilizokuwa zimeizamia karatasi zilianza kuonekana chini ya weusi, na nikaweza kusoma sehemu kubwa ya kile ambacho mtawa yule alikatazwa kusoma.

Alama ile niliilinganisha na katalogi ya pamoja ya alama za moto inayotunzwa na maktaba za Puebla, Meksiko, nikayaingiza maelezo yote katika rekodi ya kitabu, na tangu hapo kila nakala niliyoiorodhesha ilipata maelezo ya namna hiyo. Kwa hiyo saa za kuorodhesha zikawa saa za utafiti, na hakuna aliyeweza kusema naiba muda wa mwajiri. Kusoma mwandiko wa kale nilijifunza katika kozi fupi ya likizo. Vifupisho vinatisha mwanzoni, kisha unavizoea. Kwa kuandika, nilimwomba mkuu wangu asubuhi za Ijumaa, na nikataka ruhusa hiyo iwe kwa maandishi. Ahadi ya mdomo haivuki muhula.

Jarida moja la fasihi lilirudisha makala yangu ya kwanza kwa hoja kwamba ule ni ukutubi, si uhakiki. Sikukubaliana nao, na sikubaliani nao hadi leo. Wakutubi nao wameijenga fasihi hii. Mswada wa Felipe Guaman Poma de Ayala, mwandishi mzawa wa Peru, uliokamilika yapata mwaka 1615 ukiwa na karibu kurasa 1,200 na michoro 398, ulitambuliwa Copenhagen mwaka 1908 na Richard Pietschmann, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya chuo kikuu cha Göttingen. Mwandishi wa Peru Ricardo Palma, baada ya maktaba ya taifa ya Peru kuporwa katika vita na Chile, aliijaza upya kwa kuwaandikia watu barua za kuomba vitabu hadi akaitwa mkutubi ombaomba. Makala niliipeleka kwa jarida la historia ya vitabu, ikapokelewa baada ya masahihisho, na hatimaye ikahesabiwa katika faili langu la ajira ya kudumu.

Sasa nafuatilia nakala za kitabu cha Alonso de Sandoval, Mjesuiti wa Cartagena, katika Kolombia ya leo, aliyeandika kuhusu Waafrika walioshushwa huko utumwani. Kilichapwa Sevilla mwaka 1627, na mwandishi aliwategemea wakalimani Waafrika ili kuelewana na watumwa hao. Nawaomba wakutubi wenzangu wanipigie picha kurasa za mwanzo, kingo na maandishi ya pembeni, kwa kuwa nataka kujua ni akina nani walikimiliki na ni sura zipi walizipigia mstari.