Mama mwenye Graves: moyo wa mtoto ndio wa kutazamwa

Graves ni ugonjwa ambao kingamwili za mwili huchochea tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, ifanye kazi kupita kiasi. Mama aliyeondolewa tezi hiyo, au aliyeichoma kwa iodini ya mionzi, huambiwa amepona. Yeye, ndiyo, mtoto tumboni bado. Kingamwili za Graves (TRAb) hubaki kwenye damu, hupita kondo la nyuma na kuchochea tezi ya mtoto. Kwa hiyo zipimwe mapema katika ujauzito. Zikiwa juu, zirudiwe wiki ya 18 hadi 22, kisha 30 hadi 34. Zikifika mara 3 ya kikomo cha kawaida, mtoto afuatiliwe kwa karibu.

Mapigo ya moyo ya mtoto huwa 110 hadi 160 kwa dakika. Yakikaa juu ya 170 kwa zaidi ya dakika 10, shuku tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Ultrasaundi itazame ukuaji, maji yaliyojikusanya mwilini mwa mtoto na uvimbe wa shingo yake. Uvimbe peke yake hudanganya: kwa mama anayetumia dawa za kutuliza tezi, zikizidi nazo huvimbisha tezi ya mtoto kwa kuidhoofisha. Hapo mapigo na ukomavu wa mifupa husaidia kutofautisha. Usiache dawa bila daktari.